Gauni la Msimamizi

Gauni bado liko nyuma ya mlango wa chumba changu, kwenye msumari, ndani ya mfuko wake wa plastiki. Ni la rangi ya dhahabu, lina mikono ya lesi, na mbele, kutoka kifuani hadi magotini, lina doa ambalo nimelifua mara tatu likagoma. Nimelivaa siku moja tu. Fundi aliyelishona hapa Sengerema huniuliza kila tukikutana sokoni kama watu wa Mwanza walilisifia, nami humwambia walilisifia sana.

Lilishonwa kwa ajili ya harusi ya rafiki yangu, harusi ambayo mimi ndiye nilipaswa kuwa msimamizi. Kwetu msimamizi si mtu wa kurekebisha shela na kushika maua tu. Ndiye shahidi wa kanisani, ndiye anayekaa meza kuu ubavuni mwa bibi harusi, na siku maharusi wakirushiana sahani, yeye na mumewe ndio wanaogongewa mlango. Ndiyo maana wasimamizi huwa mke na mume, tena waliofunga ndoa kanisani na bado wako pamoja. Hilo nalijua, kila mtu analijua. Lakini rafiki yangu aliponipigia simu miezi minane kabla, akaniambia amepata mtu na kwamba mimi ndiye nitakayemsimamia kama tulivyoahidiana, sikumkumbusha kuwa mume sina. Nilidhani amekumbuka mwenyewe, na ameamua kwamba si kitu.

Ahadi yenyewe ilikuwa ya kivukoni. Tulisoma wote sekondari ya bweni Mwanza, na kila muhula tulivuka Busisi kwa kivuko, tumesimama katikati ya malori, tunakula matobolwa kutoka mfuko mmoja. Matobolwa ni viazi vitamu vilivyochemshwa vikaanikwa hadi vikakauka. Kuvitafuna kunataka meno na subira, na sisi vyote viwili tulikuwa navyo. Siku moja injini ilizimika katikati ya maji. Watu wakaanza kusali kwa sauti, na sisi, kwa akili za miaka kumi na minne, tukaona hapo ndipo pa kupanga maisha. Atakayeolewa kwanza atasimamiwa na mwenzake, na atakayebaki naye atasimamiwa vilevile. Hatukujua kwamba msichana asiye na mume hawezi kuwa msimamizi. Nilipoolewa mimi ikabidi awe mpambe, akasema deni la usimamizi atalidai siku yake.

Mume wangu alikwenda Kahama kutafuta maisha nikiwa na mimba ya mtoto wa pili. Maisha aliyapata, pamoja na mwanamke wa kuyaishi naye. Kwa miezi mitatu rafiki yangu alivuka ziwa kila Jumamosi, akifika anavua viatu mlangoni na kwenda moja kwa moja kwenye beseni la nguo chafu. Mtoto wangu wa kiume alipozaliwa, baada ya mkunga, mikono ya kwanza kumshika ilikuwa ya rafiki yangu. Kwa hiyo anayefikiri niliumia kwa sababu ya meza kuu na gauni, afikiri. Mimi nilitaka nikae ubavuni mwake siku yake moja nzuri, kama yeye alivyokaa ubavuni mwangu siku zangu mbaya zote. Sikutaka kingine.

Tulivuka Ijumaa asubuhi, mimi na watoto wawili, binti wa miaka sita na mdogo wake wa mitatu. Sasa kuna daraja. Nilikuwa nimewaandalia hadithi ya kivuko na injini iliyozimika, lakini kabla sijafika penye watu kusali tulikuwa tumeshavuka. Binti yangu hakujali, alikuwa na mambo yake. Yeye ndiye alikuwa atembee mbele ya bibi harusi akimwaga maua, na kwa wiki tatu alikuwa amefanya mazoezi kwenye korido yetu hadi mti wa maua wa jirani ukabaki vijiti. Mdogo wake kazi yake ilikuwa kuyaokota na kuyatia mdomoni. Mapajani nilikuwa nimepakata mfuko wa matobolwa wa kumpelekea rafiki yangu, na juu ya mfuko nimelilaza gauni.

Nyumbani kwao ni Kirumba, juu kwenye mawe, unapanda ngazi za saruji mpaka magoti yanakuuliza unakwenda wapi. Ukiwa pale uani upepo ukigeuka unaleta harufu ya dagaa kutoka soko la Mwaloni. Turubai lilikuwa limeshafungwa, masufuria yamepangwa, na wanawake wanamenya ndizi. Shangazi yake alinipokea vizuri mno. Nilimwamkia, akaitikia marahaba kwa kuivuta, akawasifu watoto, akapokea mfuko wa matobolwa. Kisha akanishika mkono akaniongoza nyuma ya jiko, nami kwa ujinga wangu nikadhani ananipeleka kunionyesha chumba cha msimamizi.

"Mwanangu," aliniambia, "usimamizi ni kitu cha watu wawili. Wewe pale mbele utakaa na nani?"

Aliuliza kwa upole, kama mtu anayeuliza njia. Na swali lile halikuwa na jibu, ndiyo maana alilichagua. Akaendelea kunieleza kwamba wamepata wasimamizi wengine, bosi wa bwana harusi na mkewe, watu wa kanisa, wenye ndoa ya miaka mingi. Mimi nimewekwa meza namba saba pamoja na marafiki. Binti yangu atabaki palepale kwenye maua, kwa sababu gauni lake limeshashonwa, na tena mtoto hana ndoa ya kuvunjika. Akacheka kidogo hapo, nami nikacheka naye. Hicho kicheko ndicho ninachojilaumu kuliko yote niliyoyafanya siku zile tatu. Langu pia lilikuwa limeshashonwa, lilikuwa mkononi mwangu analiona.

Rafiki yangu nilimkuta chumbani, miguu imo kwenye beseni, msichana anamsugua visigino. Aliponiona akaangalia maji. Nikajua kwamba anajua, na kwamba amejua siku nyingi.

"Walinizidi nguvu, mwenzangu," alisema.

"Simu hukuwa nayo?"

"Nilikuwa nayo. Maneno ndiyo sikuwa nayo."

Ningekuwa mtu mwema ningekaa kitandani, nikachukua jiwe la kusugulia kutoka kwa yule msichana, nikamsugua mwenyewe. Nilisimama mlangoni nikamwambia hongera. Nikamwambia amependeza, wakati kichwa chake kilikuwa kimefungwa mfuko wa dawa ya nywele na usoni amepakwa uji wa liwa. Kisha mtoto akalia uani, nikashukuru kwa kilio chake, nikatoka.

Nilitaka kurudi Sengerema siku ileile. Mabasi yalikuwepo. Lakini nilipofika uani, wanawake walikuwa wamemvalisha binti yangu gauni lake kumjaribisha, jeupe lenye utepe wa dhahabu, naye anazunguka katikati yao mikono ameitanua, na kila akimaliza mzunguko ananitafuta kwa macho aone kama nimeona. Nikaona. Nikaenda kutafuta gesti.

Jumamosi asubuhi nilikuwa nawaogesha kwenye beseni, wote wawili pamoja, simu nimeiegesha kwenye dirisha nimeweka sauti kubwa. Nilikuwa nazungumza na dada yangu mkubwa. Dada yangu ni mtu ambaye ukimwambia mvua inanyesha yeye anauliza nani ameileta. Na alichotaka kujua ni kama nitaenda ukumbini au la. Nikasema nitaenda kwa ajili ya mtoto. Akauliza, na wakikuita mbele kukulisha keki kama mgeni wa heshima, je? Ndipo nikasema, huku namsugua binti yangu mgongo, maneno ambayo nayakumbuka herufi kwa herufi. Nilisema hata wakiniita mbele siendi. Wamlishe keki huyo msimamizi wao.

Binti yangu alikuwa ananyunyizia maji mdogo wake. Sikumwona akisikiliza. Watoto hawasikilizi wakitazamana nawe, wanasikiliza wakicheza. Nafundisha darasa la pili, hilo nilipaswa kulijua kuliko mtu yeyote.

Kisha nikavaa gauni. Sikuwa na nguo nyingine ya harusi, hiyo ni kweli. Ni kweli pia kwamba hata ningekuwa nazo kumi ningevaa hilohilo.

Mlangoni mwa kanisa kijana wa kupokea wageni aliniona akanyoosha mkono kuelekea mbele, akasema msimamizi apite huku. Nikamwambia mimi si msimamizi. Akaangalia gauni, akaangalia karatasi yake, akanipisha bila kujua anipishe kwenda wapi. Nilikaa nyuma karibu na mlango kwa sababu ya mdogo. Msimamizi alipokuja tulitazamana kama watu wawili waliokutana sokoni wamebeba kikapu kimoja. Rangi ileile, lesi ileile, zilizochaguliwa kwa ajili ya msimamizi. Mumewe alikuja baada yake kwa gari lingine. Watu wa meza yangu walinieleza baadaye kwamba anaishi Nyakato kwa mwanamke mwingine, tangu zamani, na nyumbani huonekana kwenye misiba na harusi. Lakini cheti kipo na pete ipo kidoleni, na walipoitwa waliinuka wote wawili wakasimama bega kwa bega. Ndoa yangu mimi ilikufa waziwazi, ikazikwa, watu wakaona kaburi. Ya kwao ilikuwa imevalishwa suti ikaletwa kanisani.

Naandika hivi na najua ni wivu. Yule mama hakunikosea kitu. Tulipokuwa tunatoka alinikaribia, akanigusa mkono wa lesi, akasema gauni langu limekaa vizuri kuliko lake. Nilimjibu kwamba langu lilishonwa na fundi wa kijijini. Nilitaka achomwe, na nadhani alichomwa.

Binti yangu alimwaga maua kama alivyojifunza, hatua moja, konzi moja, hatua moja, konzi moja, mpaka kikapu kikaisha nusu ya njia na akaendelea kumwaga hewa. Rafiki yangu alipita nyuma yake mkononi mwa baba yake. Alipofika usawa wa benchi letu aligeuza kichwa kidogo kututafuta. Wakati huohuo mdogo akatangaza kwamba anataka kukojoa, na mimi nikainama kumziba mdomo. Nilipoinua uso nikaona mgongo wake.

Baada ya kanisa wapiga matarumbeta walipanda nyuma ya pikapu, mji ukazungushwa, picha zikapigwa kwenye yale mawe ya ziwani ambayo bibi harusi wa Mwanza asipopigwa picha mbele yake watu watauliza kama ameolewa kweli. Sisi hatukwenda. Niliwapeleka watoto gesti wakalala kidogo, na saa kumi na moja jioni tukawa ukumbini.

Kadi ilisema watoto wasiletwe. Binti yangu alikuwa sehemu ya msafara, alikuwa na nafasi yake kwenye mkeka wa watoto wa maua, chini ya jukwaa. Mdogo hakuwa na haki yoyote. Lakini ningemwacha wapi? Watu wanaoandika kadi zile wana mama zao nyumbani, wana dada wa kazi, wana waume. Nilimpitisha mlangoni amejikunja kwenye kanga mgongoni kama mtoto mchanga, na kijana wa mlangoni, yuleyule wa kanisani, akajifanya haoni. Meza namba saba ilikuwa karibu na mlango wa jikoni. Kila mhudumu aliyepita alimwonea mtoto huruma akampa soda. Mimi nilikuwa natazama meza kuu, jinsi msimamizi anavyomfuta rafiki yangu jasho la pua kwa kitambaa, anavyoinama kusikia anachonong'onezwa, na sikuhesabu soda. Nilipokuja kushtuka mtoto alikuwa amekunywa za machungwa tatu na kula kipande cha samaki wa kukaanga sijui alipewa na nani.

Keki ilikatwa. Mshereheshaji alikuwa mtu wa sauti nene na utani mwingi. Akasema sasa maharusi watalishana, kisha watawalisha wazazi, kisha wasimamizi. Wakalishana, vigelegele vikapigwa. Hapo ndipo tumbo la mwanangu lilipoamua. Alikuwa amekaa mapajani mwangu. Nilisikia joto kwanza, kisha harufu, kisha mama wa pembeni yangu akasogeza kiti. Alitapika kifuani pangu rangi ya machungwa, na chini nako hakukubaki salama. Nikamkumbatia mbele yangu ili watu wasione, nikatoka mbio kupitia jikoni.

Vyoo vilikuwa nje, nyuma, upande wa ziwa. Kulikuwa na mama mtu mzima anayevihudumia, ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. Nilimwamkia huku nakimbia, akaitikia, akanifungulia bomba bila kuniuliza kitu. Nikamvua mtoto nguo zote, nikamsimamisha kwenye sinki. Maji yalikuwa baridi naye analia. Nilikuwa nimempaka sabuni nusu pale spika ilipobadilika sauti. Haikuwa tena ya mshereheshaji, ilikuwa ya rafiki yangu.

Alisema anaomba radhi kwa wazazi, hili halimo kwenye ratiba. Alisema kabla ya wazazi kuna mtu mmoja anataka kumlisha. Ni mtu waliyevuka naye kivuko tangu kidato cha kwanza, na kama si sheria za watu, leo ndiye angekuwa amekaa hapa ubavuni. Akaniita kwa jina langu la shule, ambalo hakuna mwingine duniani anayelitumia.

Watu wakapiga makofi. Nikasimama na mtoto mkononi, anateleza kwa sabuni kama kambale.

Akaita tena, na makofi yakawa machache. Nilijitazama kwenye kipande cha kioo pale ukutani. Gauni la dhahabu lilikuwa limelowa kuanzia kifuani mpaka magotini, lina rangi mbili, na linanuka. Niliwaza, nimwachie mama wa chooni mtoto, nikimbie hivihivi. Niliwaza shangazi atakavyonitazama nikipanda jukwaani. Namwaza shangazi wakati rafiki yangu ananiita! Akaita mara ya tatu.

Kisha mshereheshaji akachukua kipaza sauti kuokoa shughuli. Akasema ngoja tumuulize huyu malaika wetu wa maua, si ndiye mwanaye? Nikasikia hatua zake, nikasikia kipaza sauti kikisuguana na kitu. Akauliza, mama yuko wapi, mtoto mzuri?

"Mama amesema hata mkimwita mbele haji," binti yangu akasema. Sauti yake ilikuwa safi, ya darasani, anajibu swali analolijua. "Amesema mumlishe keki msimamizi wenu."

Watu walianza kucheka, kwa sababu mtoto akisema chochote kwenye kipaza sauti watu hucheka. Halafu kicheko kikakatika, kwanza kwenye meza za mbele, kisha nyuma. Mshereheshaji akasema haya, haya, watoto wa siku hizi, muziki tafadhali. Muziki ukaja.

Mama wa chooni akatikisa kichwa. Hakujua ni nani aliyekuwa anasemwa.

"Kuna watu wana roho ngumu," aliniambia. "Mwenzako anakuita kwa upendo namna ile."

"Kweli," nilimjibu.

Nikamsuuza mtoto, nikamfunga kanga. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, nami nilikuwa nimejikwaa wangu asubuhi ile juu ya beseni na ukaja kuniangukia jioni mbele ya watu mia tatu. Nilimtuma mhudumu mmoja anichukulie binti yangu kupitia mlango wa jikoni. Alikuja anaruka, ana furaha, ameshika kikapu chake. Akaniuliza kama nimemsikia kwenye spika. Nikamwambia nimemsikia.

Jumapili, kabla watoto hawajamaliza chai, mtu aligonga mlango wa gesti. Alikuwa yeye. Nywele za harusi bado zimesimama na pini zake, amevaa kitenge, na miguuni ana ndala za hotelini. Gari lilikuwa nje linanguruma, mumewe ndani yake. Mkononi alikuwa na kipande cha keki kilichofungwa kwenye karatasi ya fedha. Mdogo alimkimbilia akamkumbatia miguu. Mtoto yule humwita mama mkubwa.

Gauni lilikuwa kwenye kamba mlangoni, linachuruzika maji, upande wa doa nimeugeuzia ukutani. Alilitazama.

"Umewahi kulifua," alisema.

Nikasema ndiyo.

"Niligombana na shangazi siku nne kwa ajili ya dakika ile moja. Ungekuja tu, mwenzangu. Ungekula, halafu ukanichukia baadaye."

Nilikuwa na maneno yote. Ilikuwa ni kuvuta gauni tu, kugeuza upande wa pili, kusema tazama, mtoto alitapika, nilikuwa chooni, nilikusikia mara zote tatu. Angelitazama lile doa, na nadhani tungecheka mpaka tukae chini, maana amenifulia mimi madoa mabaya kuliko hilo. Lakini binti yangu alikuwa amekaa kitandani anatusikiliza, safari hii bila kucheza. Nikisema nilikuwa chooni, yeye anakuwa mwongo. Na hakuwa mwongo. Yale maneno niliyasema mimi, na nilipoyasema niliyamaanisha. Kama tumbo la mtoto lingevumilia robo saa zaidi, nikaitwa nikiwa meza namba saba na gauni langu kavu, je, ningeinuka? Napenda kusema ndiyo. Pale mlangoni sikuwa na uhakika, na rafiki yangu ananijua kuliko ninavyojijua, angeniona usoni kwamba sina uhakika. Halafu kulikuwa na kiburi, nisijifiche nyuma ya mtoto. Niliona heri anione mwenye roho ngumu aliyekaa kitini mwake kuliko mwanamke aliyekuwa nyuma ya ukumbi anasafisha kinyesi, peke yake, kama alivyotabiri shangazi.

"Asante kwa keki," nilimwambia.

Aliniwekea keki mkononi. Mumewe akapiga honi mara moja, kwa heshima. Akainama akambusu mdogo kichwani, akampungia binti yangu mkono, akaondoka, ndala zake zinapiga saruji. Nilimsikia mpaka mlango wa gari.

Ni miezi mitatu sasa. Miezi mitatu ndiyo aliyokuwa akivuka kila Jumamosi, tena kwa kivuko, na foleni yake. Siku hizi daraja ni dakika chache kwa gari. Hajavuka, na mimi sijavuka. Simu tunazo wote.

Siku ile ya Jumapili tulipanda kosta ya mchana. Mdogo alilala mapema. Gauni lilikuwa bado bichi, nimeliweka miguuni kwenye mfuko, linalowesha viatu vyangu. Tulipoingia darajani binti yangu akaacha kutazama maji.

"Mama, jana nilisema vibaya?"

"Hapana," nilimwambia. "Ulisema nilichosema mimi."

Akafikiri kwa urefu wa nguzo kadhaa. Kisha akafungua ile karatasi ya fedha mapajani mwake, akakata kipande kidogo kwa vidole, sukari nyeupe ikamganda kwenye kucha zilizopakwa rangi ya dhahabu. Akakiinua hadi usawa wa mdomo wangu, mkono mwingine ameuweka chini kukinga makombo, kama alivyoona maharusi wakifanya.

Nikamwambia ale yeye, mimi nimeshiba. Tangu mchana wa Jumamosi nilikuwa sijatia kitu mdomoni. Akala yeye.